Sikio la Mamangu

Mamangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, na alipopona masikio yalikuwa yamekufa. Kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema, yako maneno manne ambayo hayakumtoka: maji, uji, njoo na hapana. Hata ukubwani aliyasema hayo manne kwa sauti nzito iliyopanda na kushuka ovyo, na watu wasiomjua waligeuka kumtazama. Mengine yote aliyasema kwa mikono. Aliyekuwa akiyageuza kuwa maneno ni mimi.

Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Tulikuwa wawili tu. Babangu alishakwenda kuoa Malindi kabla sijaota meno, na sisi tukabaki Kisauni, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja. Mamangu aliuza ndimu na pilipili sokoni Kongowea. Mteja akiuliza bei, aliniuliza mimi. Mwenye nyumba akija na maneno yake, aliyasema kwangu, naye mara nyingi aliyasema kwa ukali, kama kwamba mkosa ni mimi. Majirani walimwita mamangu "bubu", na hilo ndilo neno la pekee ambalo sikuwahi kumtafsiria.

Nikiwa na miaka tisa, daktari mmoja aliniambia nimwambie mamangu kwamba kizazi chake kina uvimbe na ni lazima kitolewe. Sikujua kizazi ni nini. Nilipouliza, akanionyesha kwa kalamu, huku akitazama saa yake. Nikamwambia mamangu kwa mikono kwamba hapa ndani pana kitu kibaya, watakitoa, na watoto hawatakuja tena.

Akaniuliza, "Hata mmoja?"

Nikamgeukia daktari. "Anauliza, hata mmoja?"

Daktari akasema hata mmoja, nami nikalirudisha jibu. Mamangu alinishika kichwa akakivuta kifuani mwake, na kutoka juu nikamsikia daktari akiniambia nimuulize kama ameelewa.

Shuleni nilikuwa sawa. Nilikosa siku nyingi, ila nilikuwa na kichwa chepesi, na walimu walinivumilia. Mtihani wa darasa la nane nilipita vizuri kuliko wasichana wote wa darasa letu. Wenzangu wawili niliowashinda waliitwa shule za bweni za mbali. Mimi barua yangu haikuja. Mwalimu mkuu alisema huenda imepotelea njiani, nami nikaamini, kwa sababu vitu vyetu vingi vilikuwa vikipotelea njiani. Nikajiunga na shule ya kutwa iliyokuwa karibu na nyumbani.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Masomo ya sekondari hayafukuziki ukiwa unakosa siku mbili kila juma. Na siku ya karatasi ya pili ya hisabati, katika mtihani wa kidato cha nne, mtu alikuja hadi dirisha la chumba cha mtihani akasema mamangu amegongwa na mkokoteni. Wachukuzi wa Kongowea hupiga kelele wapishwe njia, na kila mtu huruka pembeni isipokuwa asiyesikia. Msimamizi aliniambia nikitoka sirudi. Nilikuwa nimejibu maswali matatu. Nilitoka. Mguu wa mamangu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na pale hospitalini palikuwa na watu wanne waliozunguka kitanda, hakuna hata mmoja aliyeweza kumuuliza wapi panauma.

Nilipata D. Karatasi ya matokeo niliikunja nikaitia chini ya godoro, nikarudi kwenye ndimu na pilipili.

Miaka iliyofuata naweza kuieleza kwa ufupi, maana ilifanana. Niliolewa, nikazaa binti mmoja, nikaachika. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Siku aliyoniacha aliniambia kwamba alitaka mke, akapata mlango ambao kila mtu anaubisha. Alikuwa na haki. Kwa wakati huo viziwi wa Kisauni, Bakarani, hata wa Changamwe na Likoni walishanijua. Akijifungua mwanamke kiziwi, niliitwa. Kijana kiziwi akishikwa na askari, niliitwa. Niliwahi kusimama katikati ya bwana harusi na shehe aliyekuwa akifungisha ndoa, nikaulizwa mimi mahari imekubaliwa, nikajibu mimi kwamba imekubaliwa. Sikulipwa. Nilishukuriwa, nikatiliwa chakula kwenye bakuli nikaondoka nacho.

Halafu ile hospitali niliyokuwa nikiitwa mara nyingi ikabandika tangazo kwamba wakalimani wa lugha ya ishara sharti wawe na vyeti. Sikulilaumu tangazo. Nilikuwa nimeshaona watu wakifanya makosa ya hatari kwa kujidai wanajua. Lakini juma lilelile nilimpeleka mamangu kwenye kliniki ya sukari, muuguzi akaniambia nikae nje, mkalimani yupo. Alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye beji kifuani, aliyesomea Nairobi. Akaingia na mamangu. Baada ya dakika kumi akatoka, akanijia pale kwenye benchi, akachutama mbele yangu ili watu wasisikie.

"Shikamoo mama," akasema. "Samahani. Ile ishara ya kushika shingo hivi, ni nini?"

Nikamwambia ni kizunguzungu. Mamangu hakusoma shule ya viziwi. Ishara zake nyingine ni zake mwenyewe, na nyingine ni za wazee viziwi wa hapa pwani ambao wengi wamekwishakufa. Kijana akashukuru akarudi ndani. Alitoka mara tatu. Mara ya tatu nilimjibu nikiwa nimekalia mikono yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na nilijua kwamba nitakaa kwenye benchi ile mpaka nife, nikiulizwa maneno na wenye beji.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda chuo kikuu, tawi lake la upande wetu wa daraja, kuulizia masomo ya elimu maalum. Dirisha la usajili lilikuwa la kioo, lenye tundu chini, ikanilazimu kuinama ili nisikike. Msichana wa ndani aliniuliza gredi. Nikamwambia. Aliniuliza tena, labda akidhani hakusikia vizuri.

"Mama, kwa digrii tunataka C+," akasema. "Ukiwa na D unaanza na cheti. Ukimaliza hicho unaingia diploma. Ukifaulu diploma, ndiyo urudi hapa kwetu."

Nikamuuliza inachukua muda gani. Alipoanza kuhesabu kwa vidole nikamzuia. Ningefika hamsini. Nikasema ahsante, lakini sikuondoka, nilibaki nimeinama pale kama mtu aliyeshikwa na kiuno, na waliokuwa nyuma yangu, watoto waliomzidi binti yangu kidogo tu, wenye bahasha zao, wakaanza kuguna.

Alikuwapo mwanamke wa makamo ndani ya ile ofisi, aliyekuwa akichukua karatasi zake kwenye mashine. Baadaye nilijua ni mhadhiri. Akatoka nje akaniita kando, akaniuliza nataka kusoma elimu maalum kwa nini. Nikamwambia kuhusu lugha ya ishara.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa mamangu."

"Kwa miaka mingapi?"

"Yote," nikamwambia.

Ndiye aliyenifahamisha kwamba iko njia nyingine. Mtu aliyepata ujuzi nje ya darasa, kazini au nyumbani, anaweza kuupeleka mbele ya watathmini wakaupima, na wakiridhika wampe cheti kinachotambulika, asianze chini kabisa. Ziko taasisi zilizoruhusiwa kufanya hivyo, na moja ilikuwa ng'ambo ya daraja, kisiwani. Hakunidanganya kwamba ni rahisi. Aliniambia nitatakiwa kuleta ushahidi.

Ushahidi ulinichukua miezi saba. Nilinunua faili la kijani, na kila jioni nikitoka sokoni nilikwenda kumtafuta mtu. Shehe aliyefungisha ile ndoa aliniandikia barua nzuri kwa mkono wake, yenye basmala juu na muhuri chini. Mkunga mmoja wa Likoni aliandika mistari minne. Ila hospitali niliyoitumikia zaidi ya miaka kumi ilisema haina jina langu popote, na ni kweli, nani angeliandika? Kituo cha polisi vilevile. Nilikuwa nimesimama katikati ya maneno ya watu maisha yangu yote, na kila mmoja alikumbuka maneno tu. Fundi seremala mmoja kiziwi wa Changamwe alinirekodia ushahidi kwa simu, akiwa amesimama mbele ya kabati alilokuwa akilipiga randa. Kwa dakika sita alieleza jinsi nilivyomsaidia mahakamani. Niliitazama video ile nikalia, kisha nikakumbuka kwamba ni mimi mwenyewe nitakayetakiwa kuitafsiri.

Watathmini walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja aliyekuwa mwenyekiti. Asubuhi walinipima kwa mazoezi. Niliwatafsiria hotuba, mazungumzo ya daktari na mgonjwa, na video za viziwi nisiowajua. Nilifanya vizuri, najua. Mchana walitaka kumsikia mtu kiziwi niliyemtumikia kwa muda mrefu kuliko wote. Nilikuwa nimewapa jina la fundi seremala. Mwenyekiti akafunua faili, akasema hapa inaonyesha ni mama yako.

Nikawaambia yuko nje, amekuja kunisindikiza. Nikasimama nimlete.

"Utamwita," akasema mwenyekiti, "lakini hutamtafsiria. Ni shahidi wako. Tumeleta mkalimani."

Mkalimani alikuwa yule kijana wa kliniki. Akanisalimia kwa heshima akakaa mkabala na mamangu. Mimi niliwekwa kiti cha pembeni, nikaambiwa mikono yangu ibaki mapajani, nisiashirie lolote. Mamangu alinitazama mimi kila alipoulizwa, na kila mara kijana alimgusa goti ili amtazame yeye. Walimuuliza nimemsaidia tangu lini, nimekosea mara ngapi, watu wengine viziwi wananionaje. Alijibu kwa ufupi. Kijana alikosea mahali pawili, si makosa makubwa, nami nilibana vidole hadi vikauma.

Kisha mmoja wa wale wanaume akamuuliza kwa nini, kwa maoni yake, mimi sikuendelea na masomo kama wenzangu.

Safari hii mamangu hakunitazama. Alisema polepole, kwa ishara wazi za kumwezesha kijana kumfuata, na mkalimani husema kama yule anayemsemea, kwa hiyo maneno yale niliyasikia kwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye lafudhi ya bara.

"Aliitwa shule ya bweni. Mtu wa posta alileta barua nyumbani, mwanangu hayuko. Nilimpelekea jirani anisomee, akanionyesha kwa mikono: mbali, miaka minne. Mimi niliificha ile barua. Nilimwambia mwanangu hakuna kitu kilichokuja."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikamwambia, "Sijui. Na mimi ndiyo nasikia sasa."

Akaandika. Hawakuniuliza jingine, nami nilibaki nimekaa wima na mikono mapajani kama nilivyoambiwa. Nilitaka kumuuliza mamangu swali moja tu na sikuruhusiwa, na nadhani hata kama ningeruhusiwa mikono isingenyanyuka.

Tuliporudi nyumbani nilimpikia, nikamdunga sindano yake ya sukari, nikafua. Sikumwambia neno kwa siku tatu. Katika nyumba yetu kunyamaza ni jambo la kutazamika, mtu anakupita amekupa bega. Siku ya nne alinikuta uani nikipepeta mchele, akavuta kigoda akaketi mahali ambapo singeweza kukosa kumwona.

"Ungekwenda," akasema, "mimi ningebaki na nani?"

Niliweka ungo chini nimjibu. Lakini niliona kwamba anasema kweli. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, peke yake, na mji mzima ulikuwa ukizungumza nyuma ya mgongo wake. Alinifunga kwa sababu na yeye alikuwa amefungwa. Nilimwelewa. Ila kumwelewa hakukunipunguzia chochote, na hilo ndilo lililonishangaza.

Majibu yalikuja kwa barua pepe, binti yangu akanisomea. Ujuzi wangu wa ukalimani ulitambuliwa katika ngazi ya cheti. Katika uandishi na nadharia nilikuwa na upungufu. Kwa cheti hicho ningeweza kuingia diploma katika chuo cha ualimu na ustawi wa jamii kilichokubali wanafunzi wa aina yangu, na kwa diploma ningeweza kuomba nafasi chuo kikuu. Nilikuwa nimeruka ngazi moja kati ya tatu. Binti yangu alinikumbatia akarukaruka nami mlangoni. Mamangu aliuliza kuna nini, na kabla sijainua mikono binti yangu akawa amekwisha kumwambia, kwa ishara nyepesi za haraka. Nilimtazama mtoto wangu wa kidato cha pili akizisema, na furaha yangu ikaingia baridi. Sikujua zimempata lini nyingi hivyo.

Diploma ilikuwa ya siku tatu kwa juma. Ndimu na pilipili nilimwachia mamangu pamoja na jirani yake wa meza ya pili. Kliniki yake ilikuwa Jumatano, siku ambayo nilikuwa na masomo mpaka saa tisa. Aliniambia nisijali, yule kijana mkalimani atamtosha, amemzoea. Niliona ajabu, kwa maana alikuwa akimcheka yule kijana, lakini nilitaka sana kuamini. Nilisoma kama mtu aliyekuwa na kiu. Niliandika insha yangu ya kwanza kwa muda wa wiki mbili, nikafuta, nikaandika tena. Darasani nilikuwa nikikaa mbele. Nilikuwa na furaha, na ni lazima niseme hivyo, kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyonipofusha.

Mwalimu wa darasa wa binti yangu alinipigia simu mwishoni mwa muhula. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliniuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikamwambia hapana. Akaniambia amekosa Jumatano zote za muhula isipokuwa mbili.

Nilimngoja pale mlangoni mpaka alipoingia na sare yake. Nikamuuliza Jumatano huwa anakwenda wapi. Hakujaribu hata kudanganya.

"Nampeleka nyanya kliniki," akasema. "Alinikataza nisikwambie. Hamtaki yule kijana, anasema hasemi vizuri. Na wewe unasoma, mama. Nilifikiri nikusaidie."

"Na masomo yako?"

"Naazima madaftari ya wenzangu."

Nilikuwa nikilijua jibu lile, neno kwa neno. Ndilo nililokuwa nikiwapa walimu wangu. Nikakaa kitako pale kizingitini, na yeye akachutama mbele yangu akiniomba msamaha, akidhani nimemkasirikia. Njia ya kando niliyokuwa nimeipata kwa taabu ilikuwa inapita juu ya mgongo wa mtoto wangu, na aliyeielekeza huko ni mamangu, bila ya ubaya, kama maji yanavyofuata mteremko.

Siku ile niligombana na mamangu kuliko siku yoyote ya maisha yetu. Ugomvi wetu hauna kelele, jirani hawezi kujua, ila vyombo vilianguka. Nilimwambia ameniibia mimi, hatamwibia na huyu. Akasema yeye hakumshurutisha mtu. Nikamuuliza kwa nini hamkubali mkalimani. Akasema yule kijana akimtafsiria hajui kama amesema alichoambiwa, na daktari akicheka hajui wamecheka nini. "Kwako najua," akasema. Kisha akafumba macho. Kiziwi akifumba macho mazungumzo yamekwisha, hakuna unaloweza kufanya. Nilisimama mbele yake nikisema kwa mikono na mtu asiyeniona.

Kesho yake nilikwenda chuoni nikaandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Msajili aliniuliza sababu, nikaandika "za kifamilia". Jumatano nikarudi kliniki, nikakaa ndani ya chumba cha daktari kama zamani, kwa kuwa yule kijana mwenyewe aliomba niruhusiwe. Mwaka ule ulikuwa mrefu. Faili la kijani lilikaa juu ya kabati likashika vumbi, na sikuwa na hamu hata ya kulifuta. Nilianza kujiambia kwamba cheti kimoja kinatosha, mtu hapati kila kitu, wangapi hawana hata hicho. Watu walinipongeza kwa kumtunza mzazi, wakaniambia pepo iko chini ya nyayo za mama. Niliitika abee, nikainamisha kichwa. Ndani nilikuwa nimechoka na pepo.

Aliyenirudisha ni yule kijana mkalimani. Alianza kuja nyumbani Jumapili, kwanza akiniomba nimfundishe ishara za wazee wa pwani, maana zilikuwa zikimshinda. Nilikubali kwa sharti kwamba afundishwe na mamangu, si mimi. Mamangu alimkaribisha kwa shingo upande. Alimfanya aketi chini kama mtoto wa madrasa, na akikosea alimpiga kofi dogo la mkono. Hawakuwa marafiki, ila baada ya miezi kadhaa walikuwa wakisemezana bila mimi. Mwaka ulipokwisha nikarudi kwenye diploma. Kuingia kwa daktari na yule kijana mamangu bado hakukubali, kwa hiyo Jumatano, kwa wiki zile nilizoweza, nilikwenda naye mimi. Nilizoshindwa, yule kijana alituombea siku ya kliniki isogezwe. Binti yangu nilimpeleka akakae kwa dada wa babake Likoni mpaka amalize kidato cha nne. Alilia. Mamangu naye alilia. Mimi niliwafungia mizigo.

Nilimaliza diploma nikiwa na miaka arobaini na tano, na mwaka uliofuata chuo kikuu kilinikubali. Sasa niko mwaka wa kwanza wa digrii. Nikisema hivi watu hutaraji niseme niliruka kwa furaha. Nilipoipata barua ya kuitwa, kitu cha kwanza nilichotazama ni ratiba, na somo la lazima lisilosogezeka lilikuwa Jumatano, saa mbili mpaka saa sita. Na kliniki mpya aliyohamishiwa mamangu haikuwa na siku nyingine.

Nilimweleza mamangu juma zima kabla. Yule kijana akakubali kwenda naye. Mamangu hakusema ndiyo wala la. Jumatano ya kwanza nikaingia darasani, nikaweka simu mezani. Saa nne ikaangaza. Kijana alikuwa ameandika, "Amekataa kuingia. Anasema anakungoja wewe."

Kliniki hufunga usajili saa tano. Kutoka chuoni hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini, ningewahi. Mhadhiri alikuwa akieleza kitu ubaoni na wenzangu waliandika, na mimi nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilijua nikinyanyuka leo nitanyanyuka kila Jumatano. Nilijua pia kwamba yule aliyeko kwenye benchi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgonjwa, anayemtazamia mwanawe. Hakuna katika hayo mawili lililokuwa jepesi. Nilikaa. Sikuandika hata mstari mmoja, sikumbuki alichofundisha, lakini nilikaa mpaka saa sita.

Niliwakuta pale nje, yeye na kijana, benchi zote zikiwa tupu na mfagiaji akimwaga maji sakafuni.

"Umechelewa," akasema mamangu.

"Sikuchelewa," nikamwambia. "Sikuja."

Alinitazama mikono kwa muda, kana kwamba ilikuwa bado inasema. Kisha akainuka akaanza kutembea mbele yetu kuelekea barabarani, na yule mguu wa zamani akiuburura kidogo. Usiku wake sukari ilimpanda, nikajilaumu hadi alfajiri.

Jumatano iliyofuata kijana aliniandikia kwamba ameingia. Neno moja tu, "Ameingia." Nilitaraji kusikia wepesi kifuani. Nilichosikia ni wivu, wallahi, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameketi uani akichambua pilipili. Nikamsalimu, nikaketi mkabala naye, nikamuuliza daktari amesema nini.

Alichambua nyingine mbili tatu kabla ya kufuta mikono.

"Muulize yule kijana," akasema. "Yeye alikuwepo."